Sura ya Tano: Konokono Kabla ya Simba

Mtoto wa miaka mitatu, ambaye bado anafungwa kamba za viatu, atamtunzaje mnyama wa porini? Swali hili huulizwa na wazazi karibu kila inapofunguliwa chekechea ya nje, yaani shule ya watoto wa miaka mitatu hadi sita hivi ambayo shughuli zake nyingi hufanyika msituni, ufukweni au bustanini badala ya darasani. Wanaouliza hawakosei. Wanyamapori wanaokumbukwa haraka ni wale waliochorwa kwenye noti na wanaoonyeshwa kwenye televisheni: simba, faru, tembo. Hakuna mwalimu atakayemkabidhi faru mtoto wa miaka minne.

Chekechea za nje hazianzii huko. Huanza na konokono, nyungunyungu, chura, buibui na ndege anayetua karibu na chakula cha saa nne. Mtoto hukutana na viumbe hao hao mahali pale pale, wakati wa baridi na wakati wa joto, mpaka anajua wanakolala na wanachokula. Hufundishwa kuwaangalia bila kuwadhuru, kuwashika kwa adabu pale inaporuhusiwa, na kuwarudisha alikowatoa. Mapenzi kwa tembo, yakija, yatakuta msingi umeshamwagwa.

Wazo lilikotoka

Watoto wa wafugaji na wakulima walijifunza machungani na shambani kabla shule hazijakuwapo. Jambo jipya ni kuyafanya mazingira ya nje kuwa ndiyo shule yenyewe, tena kwa watoto ambao nyumbani kwao hapapatikani tena mahali pa kumwona chura.

Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyejifunza kazi ya bwana miti akiwa kijana, alifungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg. Ndani yake kila mtoto alikuwa na kitalu chake cha kupanda na kumwagilia. Mwaka 1914 dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walianzisha chekechea ya wazi huko Deptford, mtaa wa maskini kusini-mashariki mwa London. Shabaha yao ilikuwa afya: watoto wa mtaa ule walipata matege na magonjwa ya kifua kwa kukosa jua na hewa safi. Wakajengewa vibanda vilivyo wazi upande mmoja, vikiizunguka bustani.

Chekechea ya msituni kama inavyojulikana leo ilianzia Denmark. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mama mmoja, Ella Flautau, alikuwa na desturi ya kwenda na watoto wake pamoja na wa jirani katika msitu ulio karibu na kwao, Søllerød, kaskazini mwa Copenhagen. Wazazi wengine wakavutiwa, wakaungana na kuifanya desturi hiyo kuwa chekechea rasmi. Sweden nayo ilichukua njia ya mchezo: mwaka 1957 Gösta Frohm alibuni Skogsmulle, kiumbe wa hadithi anayeishi msituni na kuwafundisha watoto kuupenda, na mwaka 1985 ikafunguliwa huko Lidingö, karibu na Stockholm, chekechea ya kwanza iliyojengwa juu ya fikra hiyo. Ujerumani ilikuwa na chekechea ya msituni mjini Wiesbaden tangu 1968, lakini ni ile ya Flensburg, mwaka 1993, iliyotambuliwa na serikali kwanza. Utambuzi huo ulifungua mlango wa ruzuku, na baada ya ruzuku idadi ikapanda: leo nchi hiyo ina zaidi ya chekechea 1,500 za namna hii.

Uingereza ilijifunza kwa kutembelea. Mwaka 1993 walimu na wanafunzi wa chuo cha Bridgwater, Somerset, walikwenda Denmark, na waliporudi wakaanzisha utaratibu wao. Uskoti ikasonga mbele zaidi. Huko sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kuingia katika sehemu kubwa ya misitu na nyika mradi asiharibu. Tena tangu Agosti 2021 kila mtoto wa miaka mitatu na minne ana haki ya saa 1,140 za chekechea kwa mwaka zinazolipiwa na serikali, nazo zinaweza kutumika katika chekechea ya nje iliyosajiliwa. Hapo ndipo chekechea ya msituni ilipoacha kuwa anasa ya wachache.

Kwa nini mapema hivyo

Mwaka 2002 watafiti wa Cambridge walitangaza matokeo ya jaribio dogo lakini lenye kufikirisha. Watoto 109 wa Uingereza, wenye miaka 4 hadi 11, walionyeshwa kadi za picha. Baadhi zilikuwa za wanyama na mimea ya nchi yao. Nyingine zilikuwa za Pokémon, vijinyama vya kubuni kutoka katika mchezo wa Kijapani. Watoto wa miaka 4 walitambua viumbe halisi 32 katika kila 100, na Pokémon 7 tu. Watoto wa miaka 8 walitambua viumbe halisi 53, lakini Pokémon walikuwa wamefika 78.

Kichwa cha mtoto, basi, kina nafasi ya kutosha. Anayeweza kukariri vijinyama vya kubuni kwa rangi na tabia zao anaweza pia kukariri ndege wa mtaani. Kinachoamua ni nani aliyewahi kuingia kwanza, na katika miaka minne ya mwanzo kiumbe halisi bado yuko mbele.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu namna mtoto mdogo anavyoona dunia. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, alieleza kwamba mtoto wa umri huu hukipa uhai na hisia hata kisicho hai. Jiwe linaona baridi. Mwezi unamfuata njiani. Mtu mzima hucheka, lakini mwalimu mwerevu huiona hali hiyo kuwa mtaji. Mtoto anayeweza kumhurumia mwanasesere aliyeanguka hahitaji hotuba ndefu ili amhurumie kiwavi.

Mwalimu wa Marekani David Sobel aliupanga mtiririko huu kwa umri: miaka minne hadi saba ni wakati wa kujenga huruma na ukaribu, saba hadi kumi na moja ni wa kuchunguza na kuzunguka, vita vya kuokoa mazingira vingoje ujana. Alionya pia juu ya kile alichokiita ekofobia, maana yake hofu ya mazingira inayompata mtoto anayehubiriwa mapema mno kuhusu misitu inayoteketea na wanyama wanaotoweka. Mtoto huyo hageuki kuwa mlinzi. Hujitenga na habari zinazomtisha, kama mtu mzima anavyozima redio. Onyo hili linastahili kubandikwa katika ofisi za mashirika yanayogawa mabango ya tembo waliouawa kwa watoto wa darasa la awali.

Je, kuna ushahidi kwamba mtoto aliyecheza nje hukua akijali? Upo, ingawa una mipaka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliuliza watu wazima wapatao 2,000 wa mijini kuhusu utoto wao. Waliocheza, kupiga kambi au kutembea katika mazingira ya porini kabla ya miaka 11 walielekea zaidi kuyajali mazingira ukubwani. Kupanda maua na mboga nako kulikuwa na athari, ila ndogo zaidi. Vipindi rasmi vya elimu ya mazingira utotoni havikuonyesha athari ya maana. Utafiti wa aina hii hutegemea kumbukumbu za watu na hauwezi kuthibitisha kwamba jambo moja ndilo lililozaa jingine. Hata hivyo unaelekeza kule kule ambako walimu wa msituni wamekuwa wakielekeza kwa uzoefu wao.

*Kwa ufupi:* mtoto wa miaka mitatu hadi sita ana uwezo wa kuwatambua viumbe na ana huruma ya asili. Anachohitaji ni kukutana nao mara kwa mara. Habari za maangamizi zinaweza kusubiri.

Asubuhi ya kawaida

Nchini Ujerumani kundi la chekechea ya msituni huwa na watoto 15 hadi 20 na walimu wasiopungua wawili. Hukutana ukingoni mwa msitu, huketi mduara, huimba, huhesabiana. Kuhesabiana si pambo: ndiyo njia ya watoto wenyewe kugundua nani hayupo. Kisha msafara huanza, ukifuatwa na mkokoteni wenye maji, sabuni, sanduku la huduma ya kwanza, turubai na nguo za akiba. Njiani kuna vituo vinavyojulikana, labda mti ulioanguka au jiwe kubwa. Watoto huruhusiwa kukimbia mpaka kituoni, na hapo lazima wangoje. Mtoto wa miaka mitatu huishika kanuni hiyo ndani ya wiki chache, jambo linalowashangaza wazazi ambao sebuleni hawasikilizwi.

Hakuna vitu vya kuchezea vya dukani. Kijiti huwa upanga asubuhi na kijiko mchana. Kwa baridi kali kuna gari la mbao lililo kama kibanda, lenye jiko la kuni, na kwa siku za upepo mkubwa kuna chumba mbadala kijijini, kwa sababu matawi yanayoanguka ndiyo hatari kubwa zaidi ya msitu wa Ulaya. Mvua ya kawaida haimrudishi mtu nyumbani. Mvua ndiyo inayowatoa konokono na nyungunyungu mafichoni, na kwa hiyo ndiyo siku yenye masomo mengi.

Kazi kubwa ya mwalimu katika mazingira haya ni kusimama. Mtoto akiinama kumtazama mbawakawa, mwalimu huinama naye na kunyamaza. Akiulizwa jina, hulitaja. Asipolijua, hukitoa kitabu cha picha wakatafuta pamoja. Kinachokwepwa ni ile pupa ya kugeuza kila mdudu kuwa kipindi cha maswali: ana miguu mingapi, ana rangi gani. Mtoto aliyeulizwa maswali kumi juu ya mdudu mmoja hatainama kwa mdudu wa pili.

Kutunza ni kufanya nini hasa?

Watu wazima hutumia neno “kutunza” kwa mambo makubwa: hifadhi, doria, sheria. Kwa mtoto mdogo lazima liwe tendo la mikono. Matendo yanayofundishwa mara nyingi zaidi Ulaya ni haya:

- Gogo lililofunuliwa hurudishwa taratibu lilivyokuwa, kwa kuwa chini yake ni nyumba ya watu wengi wadogo.
- Chura hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa, kwa muda mfupi, chini karibu na ardhi. Ngozi yake ni laini, nayo huitumia pia kupumulia.
- Viluwiluwi waliochukuliwa ili waangaliwe hurudishwa katika kidimbwi kile kile walikotoka. Kuwapeleka kwingine kunaweza kueneza maradhi.
- Kiota chenye mayai au makinda huangaliwa kwa mbali. Uingereza ina sheria ya tangu 1981 inayokataza kuharibu kiota cha ndege wa porini kinapotumika, na watoto huambiwa waziwazi kwamba hiyo ni sheria hata kwa watu wazima.
- Kinda aliyeota manyoya na kuonekana ardhini peke yake huachwa, isipokuwa kama yuko hatarini. Mara nyingi wazazi wake wako karibu, wanangoja watu waondoke.

Kanuni ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, maana inamtaka mtoto mwenye huruma asifanye kitu. Moyo wake unamwambia ambebe yule kinda, amfunike blanketi, ampe mkate. Kujifunza kwamba upendo mwingine ni kukaa mbali huchukua muda, na watu wazima wengi hawajawahi kufika hapo.

Mfano mzuri ni kalunguyeye, mnyama mdogo mwenye miiba anayezunguka usiku akila mbawakawa na viwavi. Nchini Uingereza idadi yake imepungua sana tangu mwaka 2000, hasa mashambani. Kwa muda mrefu watu walimwekea maziwa kwa nia njema, ilhali tumbo lake haliyawezi. Katika chekechea, watoto hujifunza kumwekea maji. Hujifunza pia kwamba kalunguyeye hutembea hata kilomita mbili kwa usiku mmoja akitafuta chakula, na kwamba uzio usio na upenyo humkatia njia. Tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio latosha. Mtoto wa miaka minne hawezi kulikata tundu hilo, lakini anaweza kulipima kwa kijiti, kumwonyesha baba mahali pa kukata, na kila asubuhi kukagua kama kuna nyayo kwenye tope.

Kulisha ndege wakati wa baridi ni kazi nyingine inayopendwa, nayo ina fundisho lisilotarajiwa. Tangu mwaka 2005 ugonjwa uitwao trikomonasi, unaosababishwa na kimelea na kuzuia ndege kumeza, umewaua chiriku wa kijani kwa wingi nchini Uingereza. Huenea zaidi pale ndege wengi wanapokula chombo kimoja kichafu. Kwa sababu hiyo kuosha vyombo vya kulishia kila wiki ni sehemu ya ratiba, na kazi hiyo ya sabuni na brashi, isiyo na picha nzuri ya kumtumia bibi, ndiyo inayomwonyesha mtoto kwamba aliyeanza kumlisha mnyama amejitwika jukumu.

Ujerumani kuna kazi ya majira inayoshirikisha vijiji vizima. Usiku wa mvua mwanzoni mwa machipuko, vyura hurudi kutaga katika vidimbwi walikozaliwa, na barabara zilizojengwa baadaye huwakatiza. Watu wa kujitolea husimamisha uzio mfupi wa plastiki kando ya barabara na kufukia ndoo. Vyura huufuata uzio, huanguka ndooni, na asubuhi huvushwa. Watoto wa chekechea wanaposhirikishwa huhesabu waliomo, humtambua dume aliyebebwa mgongoni mwa jike, kisha huandamana na ndoo mpaka kidimbwini. Hesabu ya siku hiyo huandikwa kwa vijistari. Ni vigumu kupata somo la kuhesabu ambalo mtoto atalikumbuka zaidi.

Mtoto anayemkanyaga konokono

Itatokea, na kwa kawaida katika wiki ya kwanza. Mtoto huinua buti, huliteremsha, gamba linavunjika, kisha humtazama mwalimu usoni. Kwa umri huo si ukatili. Ni jaribio: anataka kujua kinachotokea, na anataka kujua mkubwa atasema nini.

Kumgombeza mbele ya wenzake humfundisha kukanyaga konokono mwalimu asipoona. Kunyamaza humfundisha kwamba konokono hana thamani. Njia inayotumika zaidi ni ya katikati: mwalimu huchuchumaa na kumwita mtoto watazame pamoja. Gamba limevunjika, haliwezi kuunganishwa na gundi, na huyu hatatembea tena. Kisha hutafutwa konokono mzima, na mtoto yule yule hupewa kazi ya kumvusha njia ili asikanyagwe na wengine. Mtoto hupewa nafasi ya kufanya jema kwa mkono ule ule, na mara nyingi huwa ndiye mkali kuliko wote kuwaonya wageni.

Kifo cha kawaida nacho huja bila kuitwa. Ndege hupatikana amekufa chini ya mti. Zamani watoto waliruhusiwa kumzika na kumwekea maua. Tangu mafua ya ndege yalipowaua ndege wa baharini kwa wingi kwenye pwani za Uskoti mwaka 2022, kanuni imekazwa: ndege mfu haguswi. Huangaliwa kwa hatua chache, na mwalimu humtolea taarifa. Panya mfu au mbawakawa mfu anaweza kuwekewa alama ya vijiti na kutembelewa kila siku kwa macho tu. Watoto huona nzi, kisha mabuu, kisha mifupa, kisha majani mapya. Maswali yanayofuata huwa mazito, na jibu la kweli lililo fupi humtosha mtoto kuliko hadithi ya kwamba ndege amelala. Mtoto aliyeambiwa amelala atauliza lini anaamka.

Hatari kwa mtoto, hatari kwa mnyama

Wazazi huuliza kwanza kuhusu kupe, na wanafanya vyema. Kupe wa misitu ya Ulaya hueneza ugonjwa wa Lyme na, katika maeneo kama kusini mwa Ujerumani, homa ya ubongo. Ya pili ina chanjo. Kwa ya kwanza, kinga ni suruali ndefu iliyochomekwa katika soksi, kumkagua mtoto mwili mzima kila jioni, na kumng'oa kupe mapema kwa kibano. Matunda ya porini hayaliwi bila idhini ya mwalimu, na chekechea nyingi za Ujerumani hukataza kula tunda lolote bichi lililookotwa msituni kwa kuhofia mayai ya tegu wa mbweha. Mikono hunawishwa kwa sabuni kabla ya chakula, bila mjadala.

Udongo wenyewe si adui. Mwaka 2020 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 75 wa miaka mitatu hadi mitano. Baadhi ya chekechea ziliwekewa udongo wa msituni na nyasi uani, watoto wakauchezea kwa siku 28. Bakteria wa ngozi zao wakawa wa aina nyingi zaidi, na vipimo vya damu vikaonyesha mabadiliko mazuri katika kinga ya mwili.

Hatari inayosahaulika ni ile inayomkabili mnyama. Watoto ishirini wanaopita mahali pamoja kila siku huigandamiza ardhi mpaka ikawa ngumu kama njia ya ng'ombe. Mimea ya chini hufa, na wadudu wake huhama. Kelele zikirudiwa karibu na kiota zinaweza kumfanya ndege akiache. Kuni zinazokusanywa kwa moto wa saa nne ni magogo ambayo mbawakawa wangeyala kwa miaka. Chekechea inayofundisha kuupenda msitu huku ikiumaliza taratibu inajidanganya. Ndiyo maana zilizo makini hukubaliana na bwana miti kuhusu sehemu za kutumia, huhama kutoka sehemu moja hadi nyingine ili ardhi ipumzike, na hufunga kabisa kona fulani wakati wa kutaga. Wanapowaambia watoto kwa nini hawaendi tena kwenye kona waliyoizoea, somo hilo huzidi matembezi yote ya mwezi ule.

*Kwa ufupi:* hatari nyingi kwa mtoto hudhibitiwa kwa nguo, sabuni na jicho la mwalimu. Hatari kwa mnyama hudhibitiwa kwa kupangiwa mipaka, na watoto washirikishwe kuijua.

Pasipo na msitu

Afrika Mashariki si ngeni katika elimu ya wanyamapori. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vilianza mwaka 1968 na vile vya Malihai vya Tanzania mwaka 1980. Roots & Shoots, mtandao wa vijana ulioenea sasa duniani, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991, pale wanafunzi 12 walipokutana na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, barazani kwake. Lakini juhudi hizi zimewalenga zaidi wanafunzi wa msingi na sekondari. Mtoto wa chekechea huletewa picha ya twiga ukutani, na nje ya dirisha mnana wanasuka viota bila mtu kuwatazama.

Uani penye mti mmoja wa mwarobaini au mwembe pana sisimizi, mijusi, chozi anayefyonza maua, na baada ya mvua pana jongoo. Hao wanatosha kwa mwaka wa kwanza. Kanuni, hata hivyo, lazima zitoke katika mazingira ya hapo. Konokono wa majini katika maziwa na mabwawa mengi ya ukanda huu hubeba vimelea vya kichocho, kwa hiyo kuingiza miguu dimbwini, jambo la kawaida kwa mtoto wa Uskoti, hapa halifai. Viwavi wenye manyoya ya kuwasha na tandu hutazamwa tu. Nyasi hukatwa, na pembe za ua hukaguliwa kabla watoto hawajatoka, kwa ajili ya nyoka. Kipindi cha nje ni cha asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Kuna kizuizi kingine ambacho ua safi hauwezi kukiondoa: hofu za wakubwa. Kinyonga hana sumu na hawezi kumdhuru mtu, na milima ya Usambara na Uluguru ina aina za vinyonga zisizopatikana kwingine kokote duniani. Hata hivyo katika jamii nyingi hupigwa mawe akionekana. Bundi, anayekula panya wa ghalani, hufukuzwa kwa kuitwa mchawi. Mtoto hazaliwi na chuki hizo. Huzisoma usoni mwa mama anayepiga kelele na mwalimu anayerudi nyuma. Kwa hiyo mafunzo ya chekechea ya nje yaanze na mwalimu, naye asimame hatua mbili kutoka kwa kinyonga na kumtazama akibadili rangi, mpaka mapigo ya moyo wake mwenyewe yatulie.

Maswali ya kumuuliza mwalimu mkuu

Mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto wake katika chekechea ya nje, au anayetaka ile iliyopo mtaani itoke nje zaidi, aulize haya:

1. Watoto hutoka mara ngapi kwa wiki, na hukaa nje kwa muda gani? Safari moja ya mwaka kwenda mbugani haihesabiwi.
2. Je, hurudi mahali pale pale? Mtoto hawezi kumjali kiumbe aliyemwona mara moja.
3. Ni viumbe gani watano wanaoishi hapa ambao watoto wanawafahamu, na huwafanyia nini?
4. Nini hufanyika mtoto anapomuumiza mnyama?
5. Ni sehemu gani ya ua au msitu ambayo watoto hawaruhusiwi kuingia kwa ajili ya wanyama wenyewe?

Swali la kwanza hujibiwa vizuri na kila mwenye ratiba ukutani, kwa hiyo lisimridhishe mzazi. Uzito uko katika la tatu na la tano. Shule isiyoweza kutaja viumbe watano wa uani kwake wala kona moja iliyowaachia inawapeleka watoto nje kuchezea hewa safi, jambo jema kwa mapafu yao, lakini bado haijaanza kuwafundisha kumtunza mnyama yeyote.